Kuisikiliza Injini Ndogo: Urekebishaji wa Kabureta ya Kigari cha Redio katika Hewa ya Kitui na Makueni

Utangulizi

Katika vyama vyetu vya Kiswahili tumezoea kujadili riwaya, ushairi, sarufi na isimujamii. Ni nadra kukuta katika kurasa za aina hii makala yanayohusu mashine. Hata hivyo, lugha ya taifa haiwezi kuishia kwenye jukwaa la tamthilia na kuipa karakana kisogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na vilevile ya lugha rasmi. Hadhi hiyo ina mtihani wake: je, kijana anayeshika bisibisi mjini Wote au Kitui anaweza kuelezwa kwa Kiswahili kazi iliyo mbele yake, hatua kwa hatua, asiharibu mashine wala asijidhuru?

Makala haya yanaujaribu mtihani huo kwa kueleza jambo moja dogo: namna ya kurekebisha injini ya kigari kinachoongozwa kwa redio, kilichoundwa na wanafunzi wenyewe. Injini hiyo hutoshea kiganjani, lakini hufuata kanuni zilezile zinazotawala pikipiki, pampu ya maji na msumeno wa injini. Tena, mahali tulipopachagua pana mafunzo ya pekee. Kaunti ya Makueni huanzia takribani mita 600 juu ya usawa wa bahari katika nyanda za chini na kufikia mita 1,900 katika vilima vya Mbooni. Kaunti ya Kitui nayo huanzia takribani mita 400 hadi 1,800. Injini ndogo huitambua tofauti hiyo kabla ya dereva wake.

Kigari na viungo vyake

Wazo la kukiongoza chombo kwa mawimbi ya redio si geni. Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo ya namna hiyo jijini New York mwaka 1898. Kigari cha leo kina mambo makuu yaleyale: kifaa cha kurushia mawimbi mkononi mwa dereva, kipokezi ndani ya kigari, na mota ndogo mbili zinazotii amri. Mota moja hugeuza magurudumu ya mbele. Ya pili huvuta mlango wa hewa wa kabureta ili injini ipate nguvu, na ikirudi upande wa pili hubana breki.

Kati ya injini na magurudumu huwekwa klachi yenye viatu vidogo na springi. Injini ikinguruma chini, springi huvishikilia viatu hivyo ndani na kigari husimama. Mzunguko ukiongezeka, viatu hutupwa nje, hukamata kengele ya klachi, na kigari huondoka. Kwa hiyo mngurumo wa chini ukiwekwa juu kupita kiasi, kigari hutambaa chenyewe bila kuamrishwa.

Wanafunzi wanaweza kujitengenezea fremu kwa bamba la alumini, kuchonga vishikio, hata kufinyanga bodi. Injini yenyewe kwa kawaida hununuliwa, kwa sababu usahihi wa pistoni na silinda yake ni wa kiwango kisichofikiwa na tupa wala mashine ya kawaida ya kukerezea. Injini zinazotumiwa sana zina ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 2.1 na 3.5, nazo zinaweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Kwa kulinganisha, pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, na hazikaribii mzunguko huo.

Mapigo mawili na plagi isiyo na cheche

Injini ya bodaboda hufanya kazi kwa mapigo manne: kuvuta, kubana, kulipuka na kutoa moshi. Injini ya kigari hukamilisha hayo yote kwa mapigo mawili. Pistoni ikipanda, hubana mchanganyiko wa hewa na fueli ulio juu yake, na papo hapo huvuta mchanganyiko mpya chini yake, ndani ya chumba cha mhimili. Mlipuko ukiisukuma chini, pistoni hufunua tundu la moshi ubavuni mwa silinda, kisha hufunua matundu yanayoruhusu mchanganyiko mpya kupanda juu. Hakuna valvu za kufunguka na kufungika. Pistoni yenyewe ndiyo mlango.

Kitu cha ajabu zaidi ni plagi. Plagi ya pikipiki hutoa cheche kila inapohitajika. Plagi ya injini hii haitoi cheche hata moja. Ndani yake mna waya mwembamba uliosokotwa, wenye madini ya platinamu. Wakati wa kuwasha, waya huo hupashwa moto kwa betri ya takribani volti 1.5 hadi ung'ae. Injini ikishawaka, betri huondolewa, na waya huendelea kung'aa. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni joto la mlipuko na la mbano. Ya pili ni tabia ya platinamu kuchochea mvuke wa methanoli uungane na oksijeni juu ya uso wake na kutoa joto. Tabia ya platinamu kuwasha gesi kwa kuigusa tu ilijulikana tangu mwaka 1823, pale Mjerumani Johann Döbereiner alipoielekeza haidrojeni kwenye platinamu nayo ikawaka.

Jambo hili lina matokeo makubwa kwa mrekebishaji. Kwa kuwa hakuna cheche, hakuna saa ya cheche ya kurekebisha. Kinachoamua mlipuko utokee lini ni joto la waya, mbano na hali ya mchanganyiko. Anayegusa mchanganyiko huwa amegusa kila kitu.

Fueli na oili: neno moja halitoshi

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapohitajika karakanani. Katika mazungumzo ya kawaida tunaita vitu vingi kwa neno moja, mafuta: petroli ni mafuta, ya kupikia ni mafuta, ya kulainishia mashine ni mafuta. Msikilizaji huelewa kutokana na muktadha. Katika injini ya mapigo mawili muktadha hautuokoi, kwa sababu vitu viwili vyenye jina hilo vimo ndani ya chupa moja. Kwa hiyo tutatumia fueli kwa kile kinachowaka na oili kwa kile kinacholainisha.

Fueli ya kigari ina sehemu tatu. Kubwa ni methanoli. Ya pili ni nitromethani, ambayo katika vigari kwa kawaida huwa asilimia 10 hadi 30. Ya tatu ni oili, mara nyingi kati ya asilimia 8 na 20, iwe ya kutengenezwa viwandani, ya mbarika, au mchanganyiko wa hizo mbili. Mbarika ni mmea tunaoujua, huota wenyewe kando ya njia na kwenye mahame. Mafuta yake yana sifa mbili zilizoyafanya yapendwe tangu zamani katika injini za mbio: huchanganyika vizuri na methanoli, na hustahimili joto kali bila kupoteza utelezi. Ila yanayofaa injini ni yale yaliyosafishwa kwa kazi hiyo. Ya kukamuliwa nyumbani yana utomvu na chembechembe zinazoziba matundu.

Nitromethani husifiwa kwa kuleta nguvu, na sababu yake ni rahisi. Kilo 1 ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kilo 1 ya methanoli huhitaji takribani kilo 6.5. Kilo 1 ya nitromethani huhitaji takribani kilo 1.7 tu, kwa kuwa imebeba oksijeni ndani yake. Injini ikivuta hewa ileile, inaweza kuunguza fueli nyingi zaidi, na nguvu huongezeka.

Sasa tuliangalie jambo ambalo urekebishaji wote umelishikilia. Katika bodaboda, oili hukaa chini ya injini peke yake. Fundi akipunguza petroli ili mwenye pikipiki asitumie pesa nyingi, oili hubaki palepale. Katika injini ya kigari, oili huingia pamoja na fueli. Ukipunguza fueli umepunguza oili kwa kiwango kilekile. Ubahili unaovumilika katika pikipiki huiua injini hii kwa dakika chache: joto hupanda, utelezi hupungua, na pistoni huchubuka au konrodi hukatika.

Sumu iliyo ndani ya chupa

Kabla ya bisibisi kushikwa, ni lazima tuizungumze methanoli bila kuficha. Mwezi wa Juni mwaka 2005, makumi ya watu walifariki katika eneo la Machakos baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Mwezi wa Mei mwaka 2014 maafa kama hayo yalirudi, na miongoni mwa kaunti zilizozika watu zilikuwa Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kuona. Kwa wakazi wa eneo hili, methanoli si jina la kitabuni.

Methanoli ina harufu na mwonekano unaokaribiana na ule wa pombe ya kawaida. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia neva ya macho na kuvuruga damu. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24, na hapo mtu hudhani amesalimika. Mililita 10 zinaweza kupofusha. Mililita 30 zinaweza kuua. Aliyeinywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama anajisikia mzima, kwa kuwa tiba ipo na hufaa zaidi ikiwahi.

Kwa hiyo karakana yoyote ya wanafunzi inapaswa kushika masharti yafuatayo. Fueli ikae katika chombo chake cha asili, chenye maandishi ya kusomeka, ndani ya kabati lenye kufuli. Isihamishiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Glavu zivaliwe, kwa sababu methanoli hupenya ngozi. Injini iwashwe nje, si chumbani, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi. Moto wa methanoli hauonekani vizuri mchana wa jua; mtu anaweza kuungua pasipo kuona ndimi za moto. Maji huuzima, kwa sababu methanoli huchanganyika nayo. Basi ndoo ya maji isikose karibu. Kiongozi wa kikundi ndiye atunze ufunguo, na kila mililita iliyotumika iandikwe daftarini.

Kuizoeza injini mpya

Injini nyingi za vigari hazina ringi kwenye pistoni. Pistoni ya alumini huingia katika silinda ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu, nayo silinda huwa nyembamba kidogo juu kuliko chini. Injini ikiwa baridi, pistoni hubanwa inapofika kileleni, na anayeizungusha kwa mkono huhisi kama imekwama. Hiyo si kasoro. Ikipata joto, shaba hutanuka, mbano hulegea, na viwili hivyo hufanya kazi kwa nafasi ndogo mno baina yake.

Injini mpya huhitaji kuzoezwa. Tanki kadhaa za mwanzo hutumiwa kwa mchanganyiko wenye fueli nyingi, bila mbio ndefu, na baada ya kila tanki injini huachwa ipoe kabisa. Inapopozwa, pistoni iachwe chini ya silinda. Ikiachwa kileleni, silinda hupoa na kujikaza juu yake. Kosa la upande wa pili nalo lipo: kuiendesha ikiwa baridi mno. Silinda isipotanuka, pistoni huendelea kusagwa na ule mbano, na uhai wake hupungua. Mahali salama ni kati ya joto na ubaridi, si katika ncha mojawapo.

Sindano mbili na skrubu moja

Ili tuelewane, tukopeshwe msamiati na jikoni. Uji ukiwa na unga mwingi huitwa mzito, ukiwa na maji mengi huitwa mwepesi. Vivyo hivyo, mchanganyiko wenye fueli nyingi kuliko hewa tutauita mzito, na wenye hewa nyingi kuliko fueli tutauita mwepesi.

Kabureta ya kigari ina mahali patatu pa kurekebisha. Sindano kuu hutawala fueli pale mlango wa hewa unapokuwa wazi, yaani katika mbio. Sindano ya chini hutawala fueli wakati mlango umekaribia kufungwa na wakati wa kuondoka. Skrubu ya mngurumo huzuia mlango usifungwe wote. Ukizungusha sindano kufuata mwendo wa mishale ya saa, unapunguza fueli na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ukizungusha kinyume, unaongeza. Kipimo cha mafundi ni uso wa saa ya ukutani: mara moja geuza kwa nafasi ya saa 1 tu, yaani sehemu 1 ya 12 ya mzunguko, kisha ujaribu.

Kabla ya kugusa sindano, hakikisha kwamba kosa haliko kwingine. Plagi iwe nzima, kichujio cha hewa kiwe safi, fueli iwe haijafyonza unyevu, na mirija isiwe na ufa. Mrija unaotoka kwenye bomba la moshi kwenda kwenye tanki usisahauliwe, kwani shinikizo lake ndilo linalosukuma fueli kuelekea kabureta. Tundu dogo katika mrija huo huleta dalili zote za sindano mbovu.

Hatua ya 1. Rudisha sindano kwenye vipimo vya kitabu cha injini. Washa, uiendeshe polepole kwa dakika chache hadi ipate joto la kazi. Injini baridi hudanganya. Inaonekana kuwa na mchanganyiko mzito hata kama haina.

Hatua ya 2. Rekebisha sindano kuu. Kipe kigari nafasi iliyonyooka na ufungue mlango wote. Mchanganyiko ukiwa mzito, injini hukohoa, moshi huwa mwingi mno na kigari hakifikii kasi yake. Punguza kwa saa 1, ujaribu tena. Endelea hadi mlio uwe msafi na thabiti, huku uzi wa moshi wa samawati ukionekana nyuma muda wote. Moshi ni ushahidi kwamba oili inapita. Ukiona moshi umetoweka na mlio umekuwa mkali kama wa nyigu, au kigari kinaanza kwa nguvu kisha kinafifia katikati ya mbio, mchanganyiko umekuwa mwepesi. Rudi nyuma kwa saa 2 bila kuchelewa.

Hatua ya 3. Rekebisha sindano ya chini. Acha injini ingurume chini, kisha ubane kwa vidole mrija wa fueli karibu na kabureta. Injini iliyo sawa huongeza mzunguko kidogo na kuzimika baada ya sekunde 2 hadi 4. Ikizimika papo hapo, fueli ni haba, ongeza. Ikipandisha mlio sana na kuchelewa kuzimika, fueli imejaa, punguza.

Hatua ya 4. Weka skrubu ya mngurumo ili injini isizimike na kigari kisitambae. Kila ukigusa sindano ya chini, skrubu hii huhitaji kuangaliwa upya.

Hatua ya 5. Pima joto la kichwa cha injini baada ya mbio. Kipimajoto cha miale kikiwapo, injini nyingi huwa salama kati ya nyuzi 95 na 120 za Selsiasi. Kisipokuwapo, dondosha tone la maji juu ya kichwa. Likikaa tu, injini ni baridi. Likichemka na kukauka kwa sekunde 3 hadi 5, ni sawa. Likiruka na kutoweka mara moja, injini ina joto la hatari. Mpimaji akumbuke kwamba maji huchemka mapema zaidi mahali pa juu. Kwenye mwinuko wa mita 1,100 huchemka karibu na nyuzi 96.

Hatua ya 6. Fungua plagi uisome. Waya uliolowa na kung'aa huonyesha mchanganyiko mzito. Waya ulioingia rangi ya kijivu, uliopinda au kukatika huonyesha mwepesi.

Katika hatua hizi zote, mlio, moshi, joto na plagi ni mashahidi wanne. Mrekebishaji asihukumu kwa shahidi mmoja. Kipimajoto peke yake hudanganya siku ya upepo, na sikio peke yake hudanganya palipo na kelele.

Mwinuko, joto na vumbi

Tuchukue mfano wa kigari kilichorekebishwa katika vilima vya Mbooni, mahali penye mwinuko wa mita 1,800, kisha kikapelekwa kushindana katika nyanda za chini upande wa Mtito Andei, penye takribani mita 750. Shinikizo la hewa kwenye mita 1,800 ni kama asilimia 80 ya lile la pwani; kwenye mita 750 ni kama asilimia 91. Joto likiwa sawa, hewa ya kilimani ingekuwa pungufu kwa takribani asilimia 12. Lakini kilimani kuna baridi, na hewa baridi husongamana zaidi. Tukichukua nyuzi 22 kilimani na nyuzi 32 nyandani, baridi hurudisha kiasi fulani, na upungufu hubaki takribani asilimia 9.

Tafsiri yake ni nini? Kilimani injini hupata hewa haba, basi sindano hufungwa kidogo ili fueli ilingane na hewa hiyo. Kigari kikishuka nyandani na sindano ikaachwa vilevile, hewa huongezeka na mchanganyiko huwa mwepesi. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mwanzoni injini iliyo nyepesi hukimbia vizuri kuliko kawaida. Dereva hushangilia, na baada ya dakika chache injini hufa. Anayepanda kutoka nyandani kwenda kilimani hupatwa na kinyume chake: mchanganyiko mzito, moshi mwingi, uvivu. Hiyo ni hasara ya ushindi, si ya injini. Kanuni ni nyepesi kukumbuka: unaposhuka, fungua sindano kabla ya kuwasha, unapopanda, washa kwanza, ndipo ufunge polepole.

Hata mahali pamoja, saa za siku hazilingani. Alfajiri yenye nyuzi 18 na adhuhuri yenye nyuzi 32 hutofautiana kwa takribani asilimia 5 ya msongamano wa hewa. Injini iliyorekebishwa adhuhuri itakuwa nyepesi alfajiri inayofuata. Kwa hiyo daftari la karakana liandike tarehe, saa, mahali, joto na idadi ya saa ambazo sindano ilizungushwa. Baada ya miezi michache daftari hilo huwa na thamani kuliko kitabu kilichokuja na injini, kwani kitabu hakijapata kufika Mutomo.

Vumbi ni adui wa pili. Udongo mwekundu wa miezi ya kiangazi ni laini kiasi cha kupenya sifongo kavu. Chembe zake zikichanganyika na oili huwa kama msasa baina ya pistoni na silinda, na ule mbano wa kileleni tuliouzungumza hutoweka. Injini iliyopoteza mbano huwa ngumu kuwaka ikiwa moto, na hakuna sindano itakayoiponya. Kinga yake ni sifongo ya kichujio iliyolowekwa oili maalumu, ikakamuliwa, ikafungwa kwa waya shingoni mwa kabureta. Ioshwe au ibadilishwe kila siku ya mbio. Kifuniko cha tanki na mirija ya fueli navyo vifutwe kabla ya kujaza.

Kuzima na kuhifadhi

Kabla ya kila mbio, dereva ajaribu kuzima kifaa cha mkononi huku magurudumu yakiwa hewani. Kipokezi kilichopangwa vizuri kitafunga mlango wa hewa na kubana breki chenyewe. Springi au mpira mdogo wa kurudisha mlango uwekwe pia, kwa ajili ya siku betri ya kipokezi itakapoisha. Kigari cha kilo 3 kinachokimbia bila mwongozaji kinaweza kuvunja mguu wa mtoto anayetazama.

Siku ikiisha, fueli yote itolewe tankini na injini iwashwe hadi imalize iliyobaki ndani. Methanoli hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu huo hutia kutu beringi na mhimili. Matone machache ya oili nyepesi yatiwe mahali pa plagi na kwenye kabureta, injini izungushwe, kisha pistoni iachwe chini. Kazi hiyo huchukua dakika 5 na huokoa injini nzima.

Hitimisho

Ni kweli kwamba mota za umeme zimeipita injini ya methanoli katika michezo mingi ya vigari. Hazina moshi, hazina sumu ya kunywewa, na mwendo wake hauathiriwi sana na mwinuko. Kikundi chenye fedha kidogo na wanafunzi wadogo kinafanya busara kuanzia huko. Lakini anayetaka kumfundisha kijana uhusiano wa hewa, fueli, joto na oili atapata walimu wachache wanaojibu upesi kama injini hii. Akishauelewa, ataiangalia pampu ya shambani na pikipiki ya jirani kwa macho mengine.

Kwa upande wetu wa lugha, tumeona kwamba neno mafuta likiachwa bila kugawanywa linaweza kuiua injini, na kwamba uji mzito na uji mwepesi vinatosha kueleza jambo ambalo wengi hudhani lina jina la kigeni peke yake. Hilo ni funzo kwa waundaji wa istilahi: kabla ya kubuni neno jipya mezani, na wasikilize kwanza jikoni na gereji. Vilevile, maonyo ya sumu yaliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mwenye chupa si maonyo. Vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu vinaweza kuanza na kazi ndogo inayowezekana muhula huu: kuandika, kwa Kiswahili sanifu na kwa Kikamba, kibandiko cha chombo cha methanoli, na kukipeleka katika kila karakana inayokitumia. Maafa ya 2005 na 2014 yametuonyesha gharama ya chupa isiyo na maelezo.